Elektroni Isiyo na Mwenza

Sumaku kubwa ya maabara imelala tangu Jumatatu.
Pampu ya maji yake imeziba chumvi,
na barua ya kuomba nyingine iko Nairobi, juu ya meza ya mtu.
Basi nikaenda Mwembe Tayari, kwa Shekue wa vyuma chakavu,
nikachagua spika iliyopasuka koni.
"Hii ya harusini," akasema. "Kuze nzima waijua sauti yake."
Nikampa mia mbili.
Nikaibandua ile pete nyeusi kwa bisibisi,
nayo njiani, mkobani, ikazikamata funguo zangu zote.

Tudor, saa tisa. Feni inasukuma joto kutoka kona hadi kona.
Bishara amepima unga wa kijani, asilimia nne,
akaukorogea ndani ya fuwele ile ya maji,
maziwa mazito yasiyojua kama ni mango au kimiminika.
"Shaba?" akaguna. "Shaba haishiki sumaku.
Dele la nyanya yangu ni shaba tupu,
halijapata kuvuta kitu ila wageni."

Kweli. Lakini shaba ya dele haijapungukiwa.
Hii ya ungani imenyang'anywa elektroni mbili,
na katika zilizobaki
imo moja isiyo na mwenza.
Hiyo ndiyo isikiayo.

Tukapasha. Hadubini ikawa giza tupu:
kila molekuli na njia yake.
Tukaanza kupoza, digrii moja, kisha nusu,
na kule chini zikachipuka nyuzi, zikajinyonga, zikafumuka.
Hapo stima ikapotea.

Hatukusema kitu. Jiko likapoa litakavyo.
Jirani wakawasha jenereta; sisi tulikuwa na simu ya Bishara,
asilimia kumi na moja.

Uliporudi umeme nilizungusha kisahani cha kwanza,
kile kisicho na shaba:
nyuzi zilezile, vurugu lilelile,
kana kwamba spika ya Kuze haijawahi kuimba.
Cha pili:
giza.
Nikazungusha kidogo: mwanga, wote kwa pamoja.
Tena: giza.
Zinateleza bado, zinapishana, hakuna iliyofungwa,
ila zimelala upande mmoja
kama mchele ungoni mkono ukishaupata.
Wachache wenye upungufu
wamewageuza wengi waliotimia.

Bishara akataka tuiache hivyo mpaka kesho, profesa aione.
Mimi nikapandisha moto.
Tisini na mbili. Tisini na sita. Ikasahau.
"Mbona?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na hasira.
Nilitaka kujua kama itarudi, nikamwambia.
Ikarudi. Mara tatu.
Ya nne hatukuandika, tulikuwa tumechoka.

Sparki, saa nne usiku, mbele ya mlango
ambao hakuna wa kunifungulia kwa ndani,
nilisimama navutana na ile pete.
Ufunguo mmoja ulikataa kabisa kubanduka.
Nikaufungulia mlango nao hivyohivyo,
sumaku ikining'inia.