Kopo Linaloitika

Simu ya Webuye ilikataa kufa.
Mama tulimhamishia Nakuru na mito yake, jiko na kuku wawili,
lakini nambari ile, tarakimu tano na msimbo wa mji,
hakukubali tuikate.
"Baba yako ameigawa kwa watu.
Imeandikwa kwa chaki, kwa makaa, kwa kalamu ya wino,
kwenye kuta za maduka toka Misikhu hadi Chwele.
Utazunguka na kifutio, Nekoye?"

Basi nikarudi kwenye nyumba za kiwanda
na mfuko wa vikorokoro:
rilei mbili za stabilaiza iliyoungua,
transfoma ya redio,
taa nyekundu niliyoing'oa kwenye pasi,
mulika mwizi yenye ufa kiooni,
na kopo la biskuti, farasi mweupe kifunikoni.

Kwa maneno ni rahisi. Simu ikilia,
umeme wa kengele huiwasha taa ya pasi,
taa huliamsha jicho dogo linaloonja mwanga,
jicho huigutua rilei, rilei huiinua laini
kama mtu aliyeinuka kitini akiburuta ndara;
rilei ya pili hubonyeza mbili, hushikilia,
na mulika mwizi humtafuta Mama.
Kwa mikono ni siku tatu
na harufu ya lehemu kwenye nywele.

Siku ya pili, nikichuna waya,
simu ililia.
Volti tisini zikapanda hadi kiwikoni.
Sikumjua aliyepiga,
ila nilimwitika kwa mkono mzima.

Simiyu, mlinzi wa lango
ambalo nyuma yake hakuna tena kazi,
alichungulia dirishani, akacheka.
"Harakisha, dada.
Shaba ya nguzo hizi ina wachumba wengi.
Huja usiku, na hawalipi mahari."

Nikajaribu. Nikasimama mlangoni,
hatua nne kutoka kwenye kopo, nikaipigia nyumba.
Mlio mmoja. Wa pili. Tak. Tak.
Kimya kirefu, kisha Nakuru:
"Nani?"
"Mimi."
"Umekula?"
Na nyuma ya sauti yake nikaisikia yangu
ikifika kwa kuchelewa,
mimi, mimi.

Alhamisi nilikuwa nimesharudi. Mama alikuwa anamenya ndizi.
Simu ikatetemeka juu ya meza, ikasogea hadi kwenye maganda.
Sauti ya mwanamume, ya mbali, ya bomba:
"Habari za huko? Niitie Sitati.
Nina jeki yake ya gari, tangu mwaka ule daraja lilipovunjika.
Naona haya hata kuitaja."

Mama akanitazama.
Kisu kilikuwa bado mkononi,
ganda refu likining'inia.
Mkono wangu ulikwishanyooka kuipokea simu
niyaseme yale ya kaburi, ya Machi, ya mvua.

"Ametoka," akasema Mama.

"Ah. Atarudi lini?"

Na hapo hapo salio la kopo likaisha.

Hakuiweka chini. Aliishikilia sikioni
kama mtu anayesubiri maji kwenye mfereji mkavu.
Mimi nikakwangua kadi kwa ukucha,
nikalisambazia kopo shilingi hamsini,
nikamwonyesha ujumbe: imepokelewa.

"Ongeza," alisema, akirudia ndizi yake.
"Huyo mtu hajamaliza. Na jeki bado anayo."