Herufi Tano

Kaseti mia mbili na kumi na moja,
kwenye rafu ya mbao za masanduku ya sabuni,
migongo nje.
Kila Jumamosi nazipangusa vumbi hili jekundu la Katuba
linaloingia hadi kwenye ndoto.
Spiriti kidogo, pamba kwenye kijiti,
na meno yake ya shaba yanang'aa.
Shaba! Baba aliitumikia miaka ishirini na sita.
Huenda ilitoka hapa hapa, ikapanda treni ikiwa uchi,
ikaturudia kutoka Japani imevaa dhahabu,
na mimi nainunua.

Kapya, mke wangu, husimama mlangoni na mwiko wa bukari:
"Ile bintu yako, itatulisha siku gani?"
Simjibu. Redio za watu ndizo zinazotulisha,
na hata hizo, umeme ukipenda.

Kuna bwana mmoja Likasi, naye hukusanya.
Zake ziko ndani ya nailoni, hazijaguswa na mtu,
na anaponionyesha huvaa glovu.
Mimi nazitaka zilizotafunwa pembe.
Zenye jina la mtoto kwa kalamu ya biki,
zenye harufu ya nyumba nisiyoijua.
Maman Chola wa soko la Kenya huzikuta ndani ya marobota ya nguo.
Mara ya kwanza alidhani ni mahubiri,
akaniuliza ni ya mchungaji gani.

Ndani ya nyingine mna betri,
bapa, kama kifungo cha koti,
na betri hiyo haina kazi ila moja: kukumbuka
mchezaji aliachia wapi.
Basi usiku nawatembelea.
AAA, aliyekuwa na haraka.
MAMU, mwenye mioyo mitatu na ufunguo asioutumia.
Na huyu aliyejiita 7, amesimama mbele ya mlango wa zimwi
tangu sijui mwaka gani,
upanga juu.
Natazama, nazima.
Nabisha hodi, siingii.

Ya kwanza kabisa ni ya kijivu, karatasi yake imebanduka.
KAUMB.
Herufi tano tu ziliruhusiwa;
A ya mwisho ilikosa nafasi.
Saa arobaini na moja, dakika saba.
Mdogo wangu amesimama juu ya daraja, mbwa nyuma yake,
ameniachia rimoti mkononi ikiwa bado ya moto
akaenda Kolwezi na gunia na tochi,
akasema Jumapili.
Shimo halikurudisha hata kiatu.

Nimeipima betri: volti mbili nukta tano.
Zilikuwa tatu.
Kazi yenyewe naijua: unashikiza betri ya pili kwa waya,
unang'oa ya zamani, unalehemu mpya,
na kumbukumbu haishtuki.
Nimewafanyia watu kumi na moja.
Tisa ziliamka na majina yao.
Mbili ziliamka tupu, zikaniuliza:
jina lako nani?

Kwa hiyo sikuigusa. Miaka sikuigusa.

Juzi umeme ulirudi saa nane za usiku,
nikasikia muziki sebuleni, ule wa daraja,
lakini ukabadilika.
Sijawahi kuusikia ukibadilika.
Nilikimbia na kiatu kimoja.
Musau, binti yangu wa miaka saba,
miguu chini ya kanga ya mama yake,
ulimi nje, vidole vikikimbia.
Saa arobaini na moja, dakika hamsini na mbili.
Tayari amehifadhi.

Mkono wangu ulikuwa juu, sijui wa kufanya nini.

"Alikuwa anasimama tu, papa," akasema,
bila kugeuka.
"Yuko wapi sasa?"
"Ng'ambo. Kuna soko.
Nimemnunulia viatu."