Visivyo Vyeusi

Saa tisa na nusu alasiri, Dundee, na jua limeshafunga duka.
Mto Tay umeshika rangi ya sufuria isiyosuguliwa.
Kwenye skrini yangu, nyekundu: jaribio la kumi na saba limeanguka,
lile nililoliandika mwenyewe juma lililopita
nikijisifu.

Swali la jana liliiambia hifadhidata: leta mwavuli, wa buluu.
Swali la leo linasema: cha buluu, kiwe mwavuli.
Mashine imeyalaza ubavu kwa ubavu, herufi kwa herufi,
kama msimamizi wa mtihani anayenusa karatasi,
ikatamka: si sawa.

"Si sawa vipi?" namuuliza Eilidh Petrie,
anayekula mkate wa jibini juu ya kibodi.
"Ukimtuma mtoto chumvi na kiberiti
akakuletea kiberiti na chumvi, utamchapa?"
Anacheka. Makombo yanazama chini ya herufi K.
"Basi usimkague maneno, Riziki. Kagua kikapu."

Nikafuta, nikaandika upya:
yaache maswali yaseme yatakavyo, linganisha kinachorudi.
Nikatunga ghala dogo la mfano, mistari minne,
glavu, mwavuli, kofia, glavu nyingine,
maana kazi yetu ni vitu vilivyosahauliwa kwenye mabasi;
mji huu huacha mikono yake viti vya nyuma.
Zikawaka kijani zote, juu hadi chini.
Nikavaa koti.

"Riziki."
Kuna mama amepiga simu mara tatu tangu Jumatatu,
Bi. Wedderburn, wa Broughty Ferry.
Kiatu cha mtoto, mguu wa kushoto.
Rangi haikumbuki vizuri, ila si cheusi, hilo anaapa.
Mfumo wa zamani unakiona.
Wetu mpya haukioni.

Nikakaa na koti langu.
Swali la zamani: leta vyote, kisha ondoa vilivyo vyeusi.
Swali jipya: leta visivyo vyeusi.
Yasome kwa sauti. Yasome tena, polepole.
Kwa Kiswahili nilichonyonya
hayo yote mamoja,
ningekula yamini mbele ya kadhi.

Lakini aliyekipokea kiatu usiku ule
hakuandika rangi. Labda vidole viliganda, labda basi la mwisho lilipiga honi.
Akaacha pengo.
Si cheupe, si sifuri, si neno "hakuna".
Pengo.
Ukiliuliza, "Je, ni cheusi?"
halisemi ndiyo, halisemi la,
linasema sijui;
na kwenye mlango ulioandikwa "visivyo"
asemaye sijui hapiti.

(Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipewa fomu zahanati,
visanduku kumi na vinane vya kuchagua asili yangu.
Nilivisoma vyote, nikarudisha kalamu.
Ile barua ya chanjo niliyoingoja majira mawili ya baridi,
sasa nadhani najua ilikokwama.)

Mistari yangu minne ilikuwa na rangi, yote.
Ndiyo maana ilikubaliana.
Mashahidi wanne waliofundishwa na mtu mmoja,
na mtu huyo ni mimi.

Nikaongeza wa tano: kiatu, kushoto, rangi,
na baada ya rangi sikugusa kitu.
Nikaendesha.
Nyekundu.
Eilidh akapiga meza, "Haya!" kama tumefunga bao.
Nje theluji ilikuwa imeanza, ile ya majimaji isiyokaa.

Asubuhi tulikitoa kiatu kwenye mfuko wake,
tukakiweka dirishani penye mwanga, tukijaze vizuri
kabla mwenyewe hajaja.
Eilidh akasema kijivu.
Mimi nikasema zambarau iliyochoka.
Bi. Wedderburn akaingia, akakichukua bila kukitazama sana,
akakitia mfukoni,
na lile pengo lipo mpaka leo.