Rangi Nyekundu

Walikuja Jumanne na ngazi na kopo la rangi,
wakachora X ukutani, kubwa kuliko mlango,
chini yake: BOMOA. SIKU KUMI NA NNE.
Rangi ikachuruzika hadi kwenye kibanda cha Nekesa,
akaifuta kwa gunia, akaendelea kukaanga mihogo.

Siku ya kumi na tano nilifunga godoro kwa kamba,
nikaketi juu yake tangu alfajiri
nikisikiliza tingatinga.
Iliyonguruma ilikuwa jenereta ya kinyozi.

Siku ya arobaini nikalifungua godoro.

Sasa X ndiyo anwani yetu.
"Uliza gorofa yenye X, Pipeline nzima wanaijua,"
namwambia kila anayeniletea mzigo.
Watoto huilenga kwa mpira wa makaratasi:
ukipiga katikati, mabao mawili.
Gitonga mwenye nyumba ameongeza orofa ya saba,
kisha ya nane. Mkaguzi alipita siku moja,
akatazama juu, akatazama saa, akanywa soda,
akaondoka ameshiba kuliko soda inavyoshibisha.

Wanasema sheria ni msumeno.
Huu wetu uliletwa bila meno:
ubao, mpini, na muhuri wa Jiji.

Lakini nenda uani, kwenye bomba.
Pale hakuna rangi wala muhuri.
Pana Kavutha, kiti cha plastiki kilichokatika mkono,
na kufuli.
Kanuni yake haijaandikwa popote:
ukiruka foleni, mtungi wako unaenda mwisho,
na siku hiyo huteki wa pili.

Mwezi wa Machi aliyeiruka ni mwanawe, Mumo,
sare mwilini, mtihani saa mbili.
Tulimtetea sote. Kavutha, mtoto huyu. Kavutha, mtihani.
Aliuinua ule mtungi kwa mikono miwili,
akapita nao mbele yetu mmoja mmoja,
akautua nyuma ya mtungi wa mwisho,
akarudi kuketi.
Mumo alikwenda shule hajanawa uso.
Ufunguo ulikuwa ukitetemeka mkononi mwa mama yake;
niliuona, nilikuwa wa tatu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruka.
Hata Gitonga, tangi lake likikauka, hutuma kijana,
na kijana husimama nyuma, kimya, kama sisi.

Jana usiku niliwasha taa.
Ufa wa dari umefika juu ya kitanda.
Mwezi uliopita niliuwekea alama ya penseli,
hapa, usipite.
Umeipita, kama kila mtu anavyopita alama mtaani humu.

Sikutamani wachore X nyingine.
Niliwaza tu kama huko Jiji, katika ofisi zote zile,
yupo mmoja awezaye kubeba mtungi wa mwanawe
hadi nyuma, watu wakimtazama.

Kisha nikainuka,
nikaanza kutafuta ile kamba ya godoro.