Mstari wa Arobaini na Mbili

Jana ukumbini Dodoma walilitamka vibaya jina lako,
Dokta Mbeleje Ndahani,
wakakuvisha nishani ya baiolojia,
wakalipigia gugu makofi.

Hawakuyaona magoti yako:
misimu tisa Hombolo ukihesabu kiduha
kinavyochanua chekundu, kizuri mno,
huku chini kimeung'ang'ania mzizi wa mtama
kama mdai aliyekataa kutoka mlangoni.

Mimi nilishika daftari.
Siku moja, jua likiwaka, niliruka mistari miwili.
Ulijua. Ukarudi kuihesabu mwenyewe, hukuniambia neno.

Leo umerejea na buti zilezile.
Upepo wa Hombolo haumjui mshindi:
umezitawanya karatasi zetu hadi kwenye miiba.
Ukaichomoa nishani mfukoni,
ukaikandamiza juu ya ukurasa.

"Tulikuwa wapi?"
"Arobaini na mbili."