Kimerudi, Kimelowa

Katibu wa ushirika alitukabidhi ufunguo wa stoo
uliofungwa kamba ya katani.
"Panya ni wenu, popo ni wenu," akasema,
"na habari za paa msiniletee."

Gari lilikomea darajani. Masika ya Uru hayana adabu.
Maboksi arobaini na moja yakabaki kupanda kwa vichwa:
Gaudensi fundi baiskeli mbele, kimya,
Honorata wa duka la dawa nyuma, akihesabu kwa sauti,
mimi katikati, nikiteleza na ensaiklopedia.
Akina mama waliokuwa wakishuka sokoni na mikungu ya mshare
wakatutazama. Wakacheka kwanza.
Kisha wakatua ndizi zao chini ya migomba ya watu,
wakakaza ngata zilezile, wakageuka mlimani
na kamusi kichwani,
bila kuuliza zitaiva lini.

Ndani mlikuwa na giza lenye harufu ya magunia.
Mizani ya baba ilikuwa bado inaning'inia.
Baba alikuwa karani hapa. Hakuwahi kunisomea hadithi;
alinisomea stakabadhi, jioni, karibu na koroboi,
kilo na senti, kilo na senti,
hadi nikalala.

Tulipaka chokaa kuta tatu.
Kwenye ule wa nne Gaudensi alishusha brashi, akaniita.
Ulikuwa umeandikwa kwa penseli toka dirishani hadi mlangoni,
mwandiko wa baba, ule wa kuegemea kushoto:
*Mmasi, kilo 42. Mama Evarista, debe 2, deni.
Kessy, hakuleta, mvua ya mawe.*
Tukauacha.

Na hapo ndipo walipoanzia, Jumamosi ya kwanza.
Tulikuwa tumetandika mikeka, tumepanga rafu,
twiga wa rangi wakitazama mlangoni.
Wao wakatupita, wakaenda ukutani,
kidole chini ya kila herufi:
M-ma-si. "Huyu babu!"
"Babu yako alikuwa na deni!"
"Na kahawa yenu ilipigwa na mawe!"
Nusura wapigane. Honorata akafungua pipi.
Waliumaliza ukuta wote kabla ya kugusa kitabu.

Kanuni tuliandika sisi, watu wa mjini wa mwisho wa wiki.
Nawa mikono. Usikunje ukurasa.
Ukichelewesha, shilingi mia. Ukiharibu, uje na mzazi.

Kandidi alichukua kitabu cha nyangumi,
mvulana wa darasa la tatu ambaye hajaona
maji mapana kuliko mfongo unaopita kihambani kwao.
Wiki mbili hakuonekana.
Ya tatu alisimama mlangoni, ukungu nyuma yake,
kitabu kifuani kimevimba kama andazi kwenye chai,
na mkononi jani la isale
lililopigwa fundo, kama alivyoelekezwa na bibi yake.
"Nilitaka nimwone akiogelea," akasema.

Honorata ni mtu wa Singida.
Alinyoosha kiganja kupokea shilingi mia.
Gaudensi akamshika kiwiko.
Chumba kilinyamaza; hata wa darasa la kwanza walijua.
Kwa isale watu wamesameheana mipaka ya mashamba,
wamesameheana damu.
Sisi ni nani tukatae
kwa ajili ya nyangumi?

Akauliza kwa kunong'ona, akaelezwa, akavuta daftari,
na kwenye safu ya faini akaandika:
*Kimerudi. Kimelowa. Isale moja.*

Tulimtundika nyangumi kwenye ndoano ya mizani, akauke.
Mshale haukujisumbua kusogea.

Jumamosi iliyofuata walikuja wanne,
kila mmoja na isale mkononi,
vitabu vyao vizima, vikavu, vimerudi kwa siku yake.
Walitaka tu kuona
kama linafanya kazi.