Konokono wa Kumi na Saba

"Chora konokono," alisema Daktari Umba,
akanisogezea karatasi na penseli.
"Anza katikati, zunguka kwenda nje,
usiegemeze kiwiko."
Nimechomelea mabehewa miaka thelathini na mmoja
katika karakana ya reli.
Nikashindwa na konokono.

Mstari ulitoka kama barabara ya Katuba baada ya mvua:
mashimo, kingo, kushtuka, kurudi nyuma.
Nilitaka kuikunja karatasi niitie mfukoni.
Akaniwahi.
Akaandika pembeni tarehe, saa, mkono wa kuume,
na namba: 17.
Akaitazama kama mtu aliyepata barua aliyoingoja.

Miaka sita alitupitia majumbani,
Kamalondo, Ruashi, njia za vumbi jekundu,
akiwauliza wake zetu mambo ya ajabu:
Anageukaje kitandani?
Akifika mlangoni, miguu hugoma?
Alianza lini kuandika herufi ndogondogo?
Kwa saa yake ya mkononi alipima kifungo kimoja cha shati langu:
dakika mbili, sekunde kumi na tisa.
Mama Chola akasema, "Andika pia
kwamba hataki nimfungie."
Akaandika.

Januari moja paa la idara lilivuja.
Alianika konokono zetu uani kwa hospitali,
kwenye kamba za mashuka, kwa vibanio,
mia mbili na kumi,
na upepo ukazitetemesha zote,
za wagonjwa na za wazima,
usijue ipi ni ipi.

Mwezi huo huo benki ilikataa sahihi yangu.
Kijana wa dirishani aliziweka mbili bega kwa bega.
"Mzee, hii si yako. Haifanani."
Nikamwambia, mwanangu,
mimi mwenyewe sifanani.
Pensheni ikalala kulekule. Tukala bukari na lengalenga,
na lengalenga, na lengalenga.

Kisha makala ikatoka, kwa lugha nisiyoijua.
Mchoro wa Tatu ni mimi.
Alinionyesha kwenye simu: mstari wangu, mweusi, safi,
umezungukwa na mishale midogo
kama mgeni wa heshima.
Osaka wameunukuu. Montréal wameunukuu.
Mtu mmoja wa Lyon ameubishia ukurasa mzima,
na ubishi nao huhesabiwa, akacheka.
Mara mia tatu na kumi na mbili.
"Kunukuliwa ndiyo nini?"
Akafikiri. "Ni mtu kukiri
kwamba hakuanza peke yake."

Basi dunia nzima inauamini mkono wangu
isipokuwa benki ya mtaa wa pili.
Alikwenda huko mwenyewe na makala yake.
Meneja aliigeuza, mbele, nyuma,
akauliza muhuri uko wapi.

"Na dawa?"
Hapo hucheka kidogo tu, au hacheki.
Dawa huja, dawa hukatika,
na ule moshi wa vijiti vya kuchomelea,
ulichokwisha kula, anasema, hajui njia ya kuutapisha.
Hakunidanganya siku hata moja.
Lakini wanafunzi wake wanne wako Kolwezi sasa.
Wanaingia karakana, wanafungua madirisha,
wanagombana na mabosi juu ya barakoa,
na jioni wanawapa vijana penseli:
chora konokono, ungali unaweza.
Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu.
Konokono wake, nimeambiwa, ni laini kama yai.
Hilo halimo katika zile mia tatu na kumi na mbili.

Leo kaja tena, viatu vimejaa matope,
karatasi mpya kwapani.
Mama Chola yuko sokoni,
hivyo chai kaimimina yeye:
nusu kikombe, bila kuambiwa,
akaniwekea upande wa mkono ulio afadhali.
Tumekunywa. Hakuna aliyeharakisha.
Kisha penseli.

Naanza katikati.